Aghtamar: Mawe Yaliyookolewa kwa Kalamu

Katika ziwa la Van, mashariki ya Uturuki ya leo, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Aghtamar, kilomita tatu hivi kutoka ufuko wa kusini. Maji ya ziwa hilo ni ya chumvi na magadi, na Waarmenia wa kale waliliita bahari. Hapo ndipo Gagik Artsruni, mfalme wa Vaspurakan, alipoamuru lijengwe kanisa la Msalaba Mtakatifu, baina ya mwaka 915 na 921. Fundi mkuu alikuwa mtawa, jina lake Manuel, na mawe ya rangi ya udongo mwekundu yalivushwa majini kwa vyombo.

Kanisa lenyewe si kubwa. Ndani lina umbo la msalaba wenye mikono minne iliyopinda, na juu yake kuba lenye paa lililochongoka, urefu wake zaidi ya mita 20 kutoka ardhini. Ukumbi wa mbele na mnara wa kengele viliongezwa karne nyingi baadaye, palipokwisha kuwa makao ya watawa na ya kiongozi mkuu wa kanisa, cheo kilichodumu kisiwani tangu karne ya 12 hadi mwaka 1895.

Ila ajabu yake iko nje. Kuta zote zimechongwa, na msomaji wa mwambao hatahitaji mkalimani: yumo Adamu na Hawa, yumo Nabii Ibrahimu na mwanawe, Daudi amkabili Jaluti, na Yunus anatupwa kwa samaki. Juu yao unazunguka mzabibu, ndani yake wavunaji, wawindaji na wanyama. Wataalamu huona katika mzabibu huo, na katika joho la Gagik mwenyewe aliyechongwa akilitoa kanisa lake, athari ya sanaa ya Baghdad ya Bani Abbas. Mfalme huyo Mkristo alipata taji lake kwa kutambuliwa na Waislamu waliotawala nchi zile.

Jina nalo lina kisa. Hekaya husema kijana aliogelea kila usiku kufuata taa ya mpenziwe Tamar, taa ikazimwa, naye akazama akiita, "Akh, Tamar!" Mshairi Hovhannes Tumanyan aliitungia shairi mwaka 1891. Kwa Kituruki kisiwa huandikwa Akdamar, yaani mshipa mweupe. Sauti imebaki karibu ile ile, lakini msichana ametoweka. Sisi tunaofasiri tungo twaujua msiba huo.

Mwaka 1915, katika mauaji ya halaiki ya Waarmenia, maisha ya utawa yalikoma kisiwani. Mwaka 1951 ikatolewa amri ya kubomoa, na kikanisa cha pembeni kikavunjwa. Mwandishi wa habari kijana, Yaşar Kemal, ambaye jamaa zake walitokea upande wa Van, akapeleka habari kwa mhariri wake; neno likamfikia waziri, na nyundo zikasimama. Kanisa lilikarabatiwa, likafunguliwa mwaka 2007 kama makumbusho, na mwaka 2010 ikasaliwa ibada ya kwanza tangu 1915.

Ng'ambo, kusini ya ziwa, palikuwa na monasteri ya Narek, alikoishi mshairi Grigor, aliyemaliza kitabu chake cha maombolezo chenye sura 95 mwanzoni mwa karne ya 11. Monasteri hiyo haikupata wa kuisemea, ikabomolewa katikati ya karne ya 20. Kitabu chake husomwa hadi leo. Kasri la Gagik nalo, lililosimama karibu na kanisa, twalijua kwa maandishi ya mwanahistoria tu.

Basi jiwe halikujilinda lenyewe. Pale Aghtamar lilibaki kwa sababu mtu mmoja aliandika kwa wakati. Pale Narek, kilichobaki ni kile kilichokuwa kimekwisha andikwa. Nasi tuna magofu yetu, na kalamu tunazo.