Wapagazi wa Vita Kuu na Makaburi Yasiyo na Majina

Siku moja naliwauliza wanafunzi wangu maana ya jina Kariakoo. Mmoja alijibu kuwa ni soko, mwingine akasema ni mtaa wa wafanya biashara wa Dar es Salaam, wala hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuwa jina lile ni la kikosi cha vita. Sikuwalaumu, maana mimi nami nalifika umri wa kuoa kabla sijalijua. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916 waliweka kambi ya wapagazi mahali pale, na kikosi cha wapagazi kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Vinywa vyetu vikalilainisha neno hilo, likawa Kariakoo. Huko Nairobi nako uko mtaa uliopata jina kwa njia hiyo hiyo.

Nataka kuzitumia habari za wapagazi hao kueleza jambo liitwalo ubaguzi wa rangi. Wengi wetu hudhani ubaguzi ni matusi tu, au kukataliwa kuingia mlango fulani. Hayo ni ubaguzi, lakini ni sehemu yake ndogo. Ubaguzi ulio mzito hukaa katika hesabu za mshahara, katika sufuria ya chakula, na katika daftari la wafu.

Vita ya 1914 hata 1918 ilipofika nchi zetu, njia za magari zilikuwa chache, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe kwa maelfu. Basi mzigo wote wa vita ukapandishwa juu ya vichwa vya watu: risasi, unga, mahema, hata vyombo vya meza vya maofisa. Upande wa Wadachi ilikuwa hivyo hivyo, na wapagazi wao wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu. Upande wa Waingereza, katika nchi iitwayo sasa Kenya, ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwashurutisha watu kwenda, na mwaka 1917 wakatafutwa kila wilaya, hata vijiji vingine vikabaki na wazee na watoto. Wapagazi wa Waingereza waliokufa katika vita ile walikuwa zaidi ya 90,000, nao wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, na kuhara damu, na vichomi, na njaa.

Hapo kwenye kuhara nitasimama kidogo. Wapagazi walipewa unga wa mahindi. Walikuwamo watu waliozoea ndizi, na watu waliozoea wali, na watu waliozoea mtama, nao wote walitiwa katika posho moja. Unga wenyewe ulikuwa wa kusagwa vibaya, na mtu aliyetembea mchana kutwa na mzigo hana kuni kavu wala muda wa kuupika ukaiva. Ugali mbichi ukawakwaruza matumbo, wakahara, wakafa. Waganga wa jeshi waliligundua jambo hilo, lakini baada ya wengi kwisha kuzikwa. Kwa nini hawakuligundua mapema? Nadhani ni kwa kuwa ilisadikiwa tangu mwanzo kwamba Mwafrika hula cho chote na tumbo lake ni gumu. Hakuna aliyekaa akapanga kuwaua watu wale. Ilitosha tu kwamba hakuna aliyeona haja ya kuuliza wamezoea kula nini. Mwaka 1917 Dr. Arthur wa misheni ya Kikuyu alikwenda vitani pamoja na vijana wa misheni, akawaangalia chakula chao na afya yao kwa kuwajua mmoja mmoja, nao hawakufa kwa wingi kama wenzao. Kwa hiyo vifo vile havikuwa amri ya mbingu.

Sasa tuwaangalie askari. Jeshi la Uingereza liliacha kuwapiga askari wake viboko mwaka 1881, lakini katika King's African Rifles, ambayo babu zetu waliiita Keya, kiboko kiliendelea hata katika vita ile. Mshahara wa askari mweusi haukuwa sawa na wa mweupe, na wa mpagazi ulikuwa chini kuliko wote. Cheo nacho kilikuwa na ukuta wake: Mwafrika aliweza kuwa sajini na kuendelea kidogo, lakini uofisa kamili katika Keya haukufunguliwa ila siku za mwisho, karibu na uhuru.

Tena walikuwako waliosema kuwa ni hatari kumpa mtu mweusi bunduki ampige mweupe, na kwamba kazi hiyo wataimaliza Wazungu wa Afrika Kusini. Tarehe 12 Februari 1916 Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita karibu na Taveta. Walikuwa wamewadharau sana askari weusi wa Wadachi, nao askari wale wakawarudisha mbio. Waliowakinga katika kurudi kwao walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India, ambao Makaburu walikuwa wamewaita makuli. Kwa kweli nisomapo habari hii hushindwa kuzuia kicheko, ijapokuwa ni habari ya vifo. Baada ya homa kuwalaza wengi wa Afrika Kusini, wakubwa waligeuza maneno: Keya iliyokuwa na batalioni 3 mwaka 1914 ikawa na 22 vita ilipokwisha. Yule yule aliyesemwa kuwa hafai akafaa, kwa kuwa sasa alihitajiwa. Nami naona hapo ndipo unapofunuka mzizi wa ubaguzi. Watu hawakudharauliwa kwanza ndipo wakatumikishwa. Palikuwa na kazi iliyotafutiwa watu wa bei ndogo, yaani biashara ya watumwa kwanza, kisha mashamba, kisha vita, na dharau ikatungwa kuihalalisha bei hiyo. Wakatokea hata wataalamu wa kupima mafuvu ya vichwa, ili dharau ivae joho la elimu.

Lakini lililonigusa kupita yote ni habari ya makaburi. Mwaka 1917 Waingereza waliunda Tume ya makaburi ya vita, nayo ikaweka kanuni njema kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, pasipo kutofautisha cheo wala taifa wala dini. Huko Ulaya kanuni ilishikwa sana. Kwetu haikushikwa. Katika barua za Tume imeandikwa kuwa gavana wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, aliona makaburi makubwa ya wapagazi huko Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Na mwaka 1923 gavana wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, alisema mwenyeji wa kule hangefahamu maana ya jiwe la kaburi. Huko Voi waliwekwa mawe yenye majina kwa Wazungu, na Waafrika wakaachiwa kichaka.

Hangefahamu! Katika ukoo wetu mtu asiporudi safarini, mjukuu hupewa jina lake, ili jina lisilale nje. Mdogo wa babu wa baba yangu alikwenda Kariakoo asirudi, na jina lake hivi leo linaitwa darasani kila asubuhi, nami ndiye niliitaye.

Badala ya majina zilisimamishwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ya Nairobi inaye mpagazi kati ya wale watatu waliosimama. Ile ya Dar es Salaam ina askari mmoja juu yake, mwenye bunduki na singe, na maandishi yake huahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya waliokufa. Majina yenyewe hayakuandikwa.

Mambo hayo yalikaa kimya karibu miaka mia. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yaweza kufika 350,000. Ikasema wazi kuwa sababu mojawapo ilikuwa ubaguzi wa rangi. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni tarehe 22 Aprili. Januari 2025 huko Cape Town ilifunguliwa kumbukumbu ya vibarua weusi wa jeshi wa Afrika Kusini, nayo ina majina zaidi ya 1,700.

Majina ya wapagazi wa huku ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu wengi waliandikwa vibaya au hawakuandikwa kabisa. Mimi nimeanza na kijiji chetu. Nimekaa na wazee jioni kumi na moja, na katika daftari langu yamo majina tisa: manne yana jina la baba, mawili yana jina la mahali alipofia, na moja ni la utani tu, ambalo wenyewe hawakumbuki jina lake la kweli.