Nani Aliyachosha Masikio Yangu?

Nikiwa fomu tu, memori kadi ya GB 2 ilikuwa mali. Jamaa wa saiba alikujazia nyimbo kama mia nne hivi, na mimi nilizisikiliza kwenye matatu kutoka Rongai hadi tao. Nikishuka, masikio yamechoka kama nimetoka kugombana na mtu. Kwa miaka mingi nililaumu MP3. Kumbe nilikuwa nimemshika mshukiwa mdogo.

MP3 ilikuzwa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen. Karlheinz Brandenburg na wenzake walijua kwamba sauti kubwa hufunika ndogo iliyo karibu nayo. Basi kilichofunikwa wakakitupa. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 nyingi za enzi zetu zilitumia 128 tu. Brandenburg aliijaribu kwa "Tom's Diner" ya Suzanne Vega, sauti ya mwanamke bila ala yoyote, maana hapo kila kosa lilisikika. Ni kweli faili ikibanwa sana, matoazi hulia kama maji yanayochemka. Lakini hiyo ni dosari, si kelele.

Kuna kubana kwingine kusikopunguza faili hata kidogo. Fundi studioni hushusha vilele vya sauti, kisha hupandisha wimbo mzima, hadi mnong'ono unakaribia kulingana na ukelele. Kisa? Wimbo wako usikike mkubwa kuliko wa jirani. Miaka ya 1990, ushindani huo ulipamba moto kwenye CD.

Mwaka 2008 Metallica walitoa Death Magnetic. Mashabiki waligundua kuwa nyimbo zilezile kwenye gemu ya Guitar Hero zilikuwa na nafasi ya kupumua kuliko zilizo kwenye CD. Maelfu wakatia sahihi kudai albamu ichanganywe upya. Ona sasa: walilalamikia CD kamili, si MP3.

Hapo ndipo nilipojielewa. Muziki usioshuka hauliachi sikio lipumzike. Na mimi niliongeza kosa langu: injini ikinguruma, naongeza sauti. Siku hizi Spotify husawazisha ukubwa wa nyimbo, kwa hivyo anayepiga kelele hashindi tena kirahisi. Lakini kitufe cha sauti bado kiko mkononi mwangu, na masikio sina spea.