Barakoa Ilivyomfikia Mgonjwa

Barakoa ya hospitali, ambayo wakati wa janga la UVIKO-19 ilitakiwa kwa kila aliyekanyaga mlango wa zahanati, haikuanza kama vazi la mgonjwa. Mwanzoni ilivaliwa na daktari kwa ajili ya mgonjwa, baadaye daktari akaivaa kwa ajili ya nafsi yake, na mgonjwa alikuwa wa mwisho kuagizwa aivae ili awakinge wengine. Makosa mengi yanayoonekana kliniki hutokana na kuchanganywa kwa makusudi hayo matatu, kwa kuwa asiyejua anamkinga nani hawezi kujua ni wakati gani hapaswi kuishusha.

Mwaka 1897, huko Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani na ambao leo ni Wrocław nchini Polandi, mtaalamu wa bakteria Carl Flügge alionyesha kwamba mtu anapozungumza, hata kwa sauti ya kawaida, hurusha vitone vya mate vyenye vijidudu. Mwaka huohuo na katika mji huohuo, daktari mpasuaji Johann Mikulicz alianza kupasua akiwa amefunika kinywa kwa shashi, yaani kile kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizoachana kinachotumika kufungia vidonda, ili mate yake yasiangukie kwenye jeraha lililo wazi. Paul Berger alifanya vivyo hivyo Paris. Katika hatua hiyo aliyehofiwa kuwa chanzo cha maambukizi alikuwa tabibu, si mgonjwa.

Mambo yaligeuka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, katika majira ya baridi ya mwaka 1910 na 1911. Ugonjwa ulioanzia kwa wawindaji wa panya-buku wa mbugani waliotafutwa kwa ngozi zao ulisambaa kwa njia ya reli hadi Harbin, na ulikuwa ukiua takriban kila aliyeupata. Wu Lien-teh, daktari mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, alifika huko Desemba 1910, akaupasua mwili wa marehemu mmoja na kubaini kwamba ilikuwa tauni ya mapafu, ambayo tofauti na tauni ya mitoki iletwayo na viroboto wa panya, hupita kutoka mtu hadi mtu kwa pumzi na kikohozi. Aliagiza waganga, wauguzi, wazoa maiti na askari wavae barakoa. Kama alivyoieleza baadaye, ilikuwa kipande kirefu cha shashi kilichokunjwa na kuwekwa pamba katikati, na kila ncha yake ikachanwa kuwa mikia mitatu: wa juu ulifungwa kupita juu ya masikio, wa chini kupita chini yake, na wa kati ukapandishwa utosini ili pamba isiteleze. Ilikuwa rahisi kuishona na bei yake ilikuwa ndogo mno, lakini busara yake kubwa ilikuwa katika ile mikia, kwani Wu alikuwa ameelewa kwamba barakoa isiyokaa mahali pake ni pambo tu. Daktari Mfaransa Gérald Mesny, ambaye kwa umri na cheo alijiona kuwa juu ya Wu, aliipuuza hoja kwamba tauni hiyo hupita kwa pumzi, akawapima wagonjwa bila kufunika uso, na Januari 1911 akafa kwa tauni. Watu wapatao 60,000 walikufa kabla ugonjwa haujakoma mwaka huo.

Mgonjwa mwenyewe alianza kufikiwa mwaka 1918 katika kambi ya kijeshi ya Camp Grant, jimbo la Illinois, ambako daktari Joseph Capps aliagiza askari wenye maradhi ya kuambukiza wavae barakoa, hata ndani ya gari la wagonjwa, wasije wakapeana ugonjwa wa pili juu ya ule waliokuja nao. Mafua makali ya mwishoni mwa mwaka huo yalilipeleka jambo hili mitaani: San Francisco iliifanya barakoa kuwa sheria mwezi Oktoba, nao wapinzani wake mwaka uliofuata wakaunda chama kizima cha kuipinga. Utafiti wa Wilfred Kellogg uliochapishwa mwaka 1920 una manufaa zaidi kuliko kelele zile. Yeye na mwenzake waligundua kwamba shashi ikizidishwa matabaka mpaka ichuje vizuri, pumzi huwa nzito, na hewa huacha kupita kwenye kitambaa ikapenya pembeni, kwenye mashavu na kando ya pua. Upenyo huo ndio unaozibwa na kile kipande cha waya ambacho barakoa nyingi za leo zinacho juu ya pua, na ambacho wavaaji wengi hawakibonyezi.

Afrika Mashariki amri ilikuja ghafla. Kanuni za Kenya za Aprili 2020 zilimtishia asiyevaa kwa faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita, na mafundi cherehani wakashona barakoa za kitenge. Adhabu iliwafunza watu kuwa nayo, haikuwafunza kuivaa; ilining'inia kidevuni hadi askari aonekane, na dirishani pa mapokezi mgonjwa aliishusha ili karani asikie jina lake, yaani wakati uleule ambao, kwa ushahidi wa Flügge, vitone huruka.

Ushahidi juu ya barakoa ya mgonjwa ulikuwapo tayari. Katika utafiti wa Emalahleni, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 17 wa kifua kikuu sugu, yaani kile kisichosikia dawa za kawaida, walivaa barakoa za upasuaji siku moja na kuziacha siku iliyofuata, huku hewa ya wodi yao ikipelekwa kwa makundi mawili ya simbilisi, wanyama wadogo wa maabara wanaoambukizwa upesi. Kati ya simbilisi 90 waliovuta hewa ya siku zisizo na barakoa, 69 waliambukizwa. Kati ya 90 wa siku za barakoa, 36. Hao 36 ndio sababu ya kliniki inayomvisha mgonjwa barakoa kulazimika pia kufungua madirisha yake.