Mkato Kama Tiba: Kudhibiti Astigmatizimu ya Konea katika Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Utangulizi

Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha lengo la kuongeza kwa pointi 30 za asilimia, ifikapo 2030, kiwango cha wahitaji wanaofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kupata matokeo mazuri. Matokeo mazuri hapo ni kuona 6/12 au zaidi, na mgonjwa hupimwa kama alivyo: na miwani yake kama anayo, bila miwani kama hana. Kwa kigezo hicho, upasuaji uliokwenda salama, lenzi ikakaa mahali pake na kidonda kikafunga, unaweza kuhesabiwa kuwa umeshindwa kwa sababu tu konea imebaki na astigmatizimu ya dayopta 2 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda nuru).

Makala haya yanatetea hoja moja. Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya upasuaji huu hufanywa kwa mkono, kwa mkato mdogo usioshonwa na bila mashine ya fako, inayovunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, mahali pa mkato ni sehemu ya tiba. Panapaswa kuchaguliwa kwa kipimo cha konea ya mgonjwa mwenyewe, si kwa mazoea ya mpasuaji.

Konea na umri

Konea isiyo na astigmatizimu ina mbinuko sawa pande zote. Yenye astigmatizimu imebinuka kama ubavu wa yai: mhimili mmoja ni mkali, unaoukata kwa nyuzi 90 ni bapa zaidi, na nuru haikusanyiki mahali pamoja kwenye retina. Hali hii si ya wachache. Hoffmann na Hütz, waliochapisha mwaka 2010 vipimo vya macho 23,239 nchini Ujerumani, walikuta zaidi ya theluthi moja ya macho hayo yakiwa na astigmatizimu ya konea inayozidi dayopta 1, na takriban 8% inayozidi 2.

Ujanani mhimili mkali kwa kawaida huwa wa wima. Miaka ikisonga, huelekea kuwa wa mlalo. Kwa kuwa wagonjwa wengi wa mtoto wa jicho ni wazee, mabadiliko haya ya umri yanagusa moja kwa moja uamuzi wa wapi pa kukata.

Mkato unavyobadili konea

Mkato hulegeza konea. Mhimili unaopita katikati ya mkato hupungua mbinuko, na ule ulio kwa nyuzi 90 kutoka kwake huongezeka. Kadiri mkato unavyokuwa mrefu na kukaribia ukingo wa konea, ndivyo athari inavyokua. Mkato wa fako wa milimita 2.2 hadi 2.8 huacha mabadiliko madogo. Mkato wa upasuaji wa mkono, ambao kwa kawaida ni wa milimita 6 hadi 7, una nguvu ya kuharibu na ya kurekebisha vilevile.

Utafiti wa Gokhale na Sawhney, uliochapishwa India mwaka 2005, unaonyesha ukubwa wa nguvu hiyo. Mkato wa juu ya jicho ulizalisha wastani wa dayopta 1.28 za astigmatizimu; wa upande wa panja, 0.37, na wa katikati ya juu na panja, 0.20. Tumchukue mzee ambaye mhimili wake wa mlalo ni mkali kwa dayopta 1. Kwa wastani huo, akikatwa juu atatoka na takriban dayopta 2.3. Akikatwa upande wa panja atabaki na takriban 0.6. Lenzi ni ileile, mpasuaji ni yuleyule na gharama haikuongezeka hata shilingi moja, lakini akikatwa juu atahitaji miwani ili asome bango la barabarani, na akikatwa upande wa panja huenda asiihitaji.

Kinyume chake pia ni kweli. Mgonjwa ambaye mhimili wake wa wima ni mkali kwa dayopta 1 au zaidi anafaa kukatwa juu, kwa maana mkato huo unamtibu. Kanuni ni kukata kwenye mhimili mkali, na konea inapokaribia usawa, kuchagua mkato usioibadili sana.

Kwamba upasuaji wa mkono unaweza kuacha astigmatizimu ndogo si ndoto. Katika jaribio la Nepal lililochapishwa mwaka 2007, Sanduk Ruit na wenzake walilinganisha fako na upasuaji wa mkono. Baada ya miezi sita, wastani wa astigmatizimu ulikuwa dayopta 0.7 kwa fako na 0.88 kwa mkono, na waliofikia 6/18 au zaidi bila miwani walikuwa 85% na 89% mtawalia.

Kipimo kwanza

Uamuzi huu hauwezi kuwa bora kuliko kipimo kinachouongoza. Konea ipimwe kabla ya dawa ya ganzi na kabla ya kupima presha ya jicho kwa kifaa kinachoigusa, kwa maana vyote viwili huvuruga uso wake. Jicho kavu litibiwe, kisha kipimo kirudiwe. Kinyama kilichoota kutoka weupe wa jicho hadi kwenye konea, ambacho ni cha kawaida katika nchi za jua kali, hulaza mhimili wa mlalo. Kikiwa kikubwa, kiondolewe na konea iachwe itulie kabla ya kupanga upasuaji. Konea yenye makovu ya trakoma, ambayo mbinuko wake hauna mpangilio, haisahihishwi kwa kanuni hizi. Alama ya mhimili nayo iwekwe mgonjwa akiwa ameketi, kwa kuwa jicho huzunguka kidogo anapolala chali.

Nafasi ya lenzi ya toriki

Lenzi ya toriki, yaani lenzi ya bandia iliyotengenezwa kusahihisha astigmatizimu, iliyoripotiwa kwa mara ya kwanza na Shimizu na wenzake huko Japani mwaka 1994, ni chombo chenye thamani kubwa kwa astigmatizimu inayozidi uwezo wa mkato. Hata hivyo, ni chombo kisichosamehe. Kila nyuzi moja ya kukosea mhimili hupunguza takriban 3.3% ya nguvu yake. Kwa nyuzi 30 faida yote imekwisha, na zaidi ya hapo inaongeza tatizo. Tangu utafiti wa Koch na wenzake wa mwaka 2012 inafahamika pia kwamba uso wa nyuma wa konea huchangia wastani wa dayopta 0.3, ambazo kipimo cha uso wa mbele pekee hakizioni. Isitoshe, lenzi hii inahitaji kukaa ndani ya kifuko chenye tundu la duara lisilochanika, jambo ambalo halipatikani kila mara katika upasuaji wa mkono wa mtoto wa jicho mgumu. Kituo kisichojua athari ya mkato wake chenyewe hakijawa tayari kununua toriki.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni muda, hasa katika kambi za upasuaji. Lakini nguvu ya lenzi yoyote hukokotolewa kwa mbinuko wa konea, na kifaa kilekile hutoa pia mhimili. Taarifa hiyo tayari iko kwenye faili; kinachokosekana ni kuisoma.

La pili ni kwamba kope la juu hulinda mkato wa juu. Ni kweli, ila mkato uliochongwa vizuri kama handaki kwenye weupe wa jicho hujifunga wenyewe, na hufunikwa na utando wa jicho hata upande wa panja. Aidha, kuacha utando wa juu bila kovu kunahifadhi nafasi ya upasuaji wa glakoma, ugonjwa unaowaandama sana watu wa bara hili.

La tatu ni kwamba miwani itasahihisha kilichobaki. Itasahihisha kwa mwenye uwezo wa kurudi kliniki na kuinunua. Bibi aliyechangiwa nauli na ukoo mzima aje kufanyiwa upasuaji huenda asiipate nafasi hiyo tena.

Hitimisho

Mambo matatu yanawezekana kuanzia sasa. Kila faili lionyeshe mhimili mkali na mahali pa mkato. Kila mpasuaji apime astigmatizimu aliyoizalisha kwa wagonjwa wake, kwa kuwa wastani wa India si lazima uwe wake. Na vyuo vinavyofundisha wataalamu, pamoja na COECSA, Chuo cha Ofthalmolojia cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika kinachotahini mabingwa wa macho wa ukanda huu, vidai uwezo wa kukata juu na upande wa panja kwa ustadi sawa. Lengo la 2030 linahesabu kuona, na kuona huko kunaanza kuamuliwa kabla kisu hakijagusa jicho.