Gemu la Roma na vidonda vya kweli (Sehemu ya 3)

Mama wenzangu, leo tuongelee gemu la Ryse: Son of Rome, la mwaka 2013. Ni la miaka 18 kwenda juu, mtoto asiliguse. Humo Commodus ni mtoto wa Nero. Jamani! Nero alikufa mwaka 68, Commodus akazaliwa 161.

Ila kinachonigusa mimi nesi ni kingine. Kwenye gemu unamkata mtu, anaanguka, unapita. Roma ya kweli haikuishia hapo. Mwaka 157 daktari Galen alianza kutibu magladieta, wale waliopigana kwa panga uwanjani, huko Pergamo, Uturuki ya leo. Vidonda alivifunika vitambaa vilivyoloweshwa divai, visikauke. Baadaye akamtibu hadi Commodus mwenyewe. Na kwenye makaburi ya magladieta yaliyopatikana Efeso mwaka 1993, kuna mifupa iliyovunjika ikaunga vizuri. Mfupa hauungi kwa siku moja. Kuna mtu aliwauguza.

Kwa hiyo kijana wako mkubwa akicheza, kaa naye, muulize: "Huyu uliyemkata, nani anamfunga kidonda?"

Sehemu ya 4: chakula chao, shayiri na maharage.