Kamba ya Nyuma

Hivi nani alitufundisha kwamba historia ya vyombo vya baharini ni ngazi? Eti chini kabisa upo mtumbwi, juu kidogo ngalawa, halafu jahazi, na kule kileleni imekaa yoti ya Mzungu na tanga lake jeupe. Nimeisikia hadithi hiyo darasani, nimeisoma magazetini, na naiona hata katika miswada ya vijana wenzangu: jahazi huingia kwenye sentensi pale tu mwandishi anapotaka kusema "zamani". Mimi naibishia. Shahidi wangu ni kitu kidogo: kamba inayozuia mlingoti usiangukie mbele.

Upepo ukitoka nyuma, tanga huusukuma mlingoti kuelekea omo. Pasipokuwa na kitu cha kuuvuta kuelekea tezi, mlingoti huenda, na pengine watu huenda nao. Mabaharia wa kila bahari walilijua hilo. Walichotofautiana ni jibu.

Mabaharia wetu walijibu kwa kamba yenye kazi mbili. Henza, ile kamba ya kupandishia foromali, ikishalipandisha tanga huteremshwa nyuma ya mlingoti na kufungwa kuelekea tezi. Imebeba tanga, na hapo hapo imeushika mlingoti. Kamba za pembeni nazo hazina makazi ya kudumu. Chombo kikigeuza na tanga likahamia upande wa pili, kamba za upande unaotoka upepo hukazwa, na za upande wa tanga hulegezwa ili tanga lipate kujaa. Nilipomuuliza mzee mmoja wa Pangani kwa nini wasizifunge mara moja wakapumzika, alicheka. "Mwanangu, kwani upepo umefungwa wapi?"

Sasa twende Ulaya na Marekani. Kwa muda mrefu mashua nyingi za kule zilikuwa na tanga la pembe nne, lenye mti juu na mti mrefu chini, ambao mara nyingi ulitokeza hata nje ya tezi. Ungefunga kamba ya nyuma isiyohama, miti hiyo ingeigonga kila mashua inapogeuza. Basi wakaweka kamba mbili, moja kushoto, moja kulia. Hii inakazwa, ile inalegezwa. Unaona, msomaji? Kazi ni ile ile.

Mambo yalibadilika tanga refu la pembetatu, lenye mti mfupi wa chini, lilipoenea katika miaka ya 1920 na 1930. Nafasi ikapatikana kule tezi. Wengi wakafunga waya mmoja, nyuma katikati, wakausahau. Wapenda ngazi watasema: haya, hayo ndiyo maendeleo!

Ngoja kwanza. Ipo mashua ya mashindano iitwayo Star. Ilianza kuundwa huko New York mwaka 1911. Ni ya watu wawili, urefu wake karibu mita 7. Mwaka 1921 ilibadilishiwa tanga, na baadaye ikapewa tanga refu zaidi. Ikaingia Olimpiki mwaka 1932. Mlingoti wake wa leo ni mwembamba, unapinda kama fimbo. Je, umeshikwa na waya mmoja usiohama? Hapana. Kamba ziko kushoto na kulia, na mabaharia wakichelewa kukaza za upande wa upepo wakati wanageuza na upepo uko nyuma, mlingoti unaweza kuvunjika. Kumbe hata mabingwa wa Olimpiki walikuwa wakikaza huku na kulegeza huku!

Si hiyo tu. Yoti nyingi za mashindano za karne hii zina tanga pana juu, karibu mraba. Waya wa katikati ungelizuia, kwa hiyo umeondolewa, na zile kamba mbili zimerudi. Na mashua ndogo ya Laser, iliyotoka mwaka 1971 na kuingia Olimpiki mwaka 1996, haina kamba hata moja ya kushikilia mlingoti. Mlingoti umechomekwa kwenye tundu lake, basi. Hapo ngazi iko wapi?

Ninachokiona mimi ni watu waliotazama tanga lao, wakauliza linapita wapi, ndipo wakaamua kamba ikae wapi. Tanga likibadilika, swali huulizwa upya. Ukiona vyaelea, vimeundwa: methali hiyo tunaipigia makofi harusini, tukasahau kwamba inasema juu ya vyombo hasa, na juu ya akili ya aliyeviunda.

Akili hiyo imehifadhiwa katika maneno. Mashine zimeingia, na chombo cha mashine hakina haja ya henza wala foromali. Neno lisilo na kazi halikawii kufa, na wanaoyajua haya wanazeeka. Kwa hiyo, ndugu yangu mwandishi, kabla hujaandika tena kwamba jahazi ni chombo cha zamani, teremka pwani ukamuulize baharia: akigeuza, analegeza kamba ipi kwanza? Halafu mwache aseme, wewe andika.