Dawa Iliyofundishwa Kukawia
Historia ya tiba ya akromegali husimuliwa zaidi kama historia ya kugundua dawa. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ilikuwa kuifanya dawa hiyo idumu mwilini. Pierre Marie aliueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1886: viganja na nyayo hupanuka, taya husogea mbele, na uso hubadilika polepole hata jamaa wa karibu wasing'amue. Karibu mara zote chanzo ni uvimbe kwenye tezi ya pituitari unaotoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mwaka 1973 Paul Brazeau, Roger Guillemin na wenzao katika Taasisi ya Salk, California, walikuwa wakitafuta kichocheo cha homoni hiyo kwenye ubongo wa kondoo, wakakuta kinyume chake: somatostatini, kizuizi chenye asidi amino 14. Lakini kikiingia kwenye damu, nusu yake hutoweka ndani ya dakika chache. Kwa ugonjwa wa miaka mingi, kizuizi cha namna hiyo hakikumfaa mgonjwa.

Wilfried Bauer na wenzake wa kampuni ya Sandoz, Basel, walitangaza mwaka 1982 oktreotidi, yenye asidi amino 8 tu, ambayo nusu yake hudumu takriban saa moja na nusu. Bado ilidungwa chini ya ngozi mara tatu kwa siku. Wapo wanaosema kwamba sindano iliyokuja baadaye, ya mara moja kwa mwezi, ilileta nafuu ya usumbufu tu. Sikubaliani nao, kwa sababu baadhi ya wagonjwa homoni iliwapanda tena kabla ya dozi iliyofuata. Dawa ikafungiwa ndani ya chembe ndogo za polima ya jamii ileile ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1998. Muuguzi huitoa kwenye friji, huiacha iondokewe na ubaridi, huchanganya unga na kimiminika chake, kisha huidunga papo hapo kwenye msuli wa tako kabla chembe hazijatuama. Kiwango cha dawa hupanda kidogo siku ya kwanza, hushuka kwa takriban wiki moja, ndipo hupanda na kutulia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba dawa iliyokwisha kudungwa haitoki tena. Ndiyo maana mgonjwa huanzishiwa ile ya muda mfupi kwa wiki 2, ionekane kama mwili unaistahimili. Madaktari wa upasuaji nao wana haki ya kusema kisu hutangulia, na uvimbe mdogo huweza kuondolewa kabisa. Ila uvimbe mkubwa uliojipenyeza pembeni ya tezi mara nyingi huacha mabaki, na wenye mabaki hayo ndio hasa wanaohitaji sindano. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha oktreotidi ya kumeza, mara mbili kwa siku, tumbo likiwa tupu, kwa wale ambao sindano za oktreotidi au za dawa ya jamii yake, lanreotidi, zilikwisha kuwafaa.